Jinsi ya kuandaa kikosi chako cha eFootball kwa mashindano ya mtandaoni

Tangu kampuni ya Konami ilipoacha jina la PES (Pro Evolution Soccer) na kuzindua mchezo wa soka wa eFootball tarehe 30 Septemba 2021, na hasa baada ya toleo la simu kufuata mwezi Juni 2022, mchezo huu umekuwa uwanja wa mashindano mengi ambayo vijana wa Afrika Mashariki huyaendesha wenyewe kupitia makundi ya WhatsApp. Mwandaaji anatangaza ratiba, washiriki wanatuma kiingilio kwa simu, kila mmoja anapewa mpinzani wake, na mechi inachezwa ndani ya chumba cha faragha kilichofungwa kwa nywila. Katika mashindano ya namna hii mshiriki haji na timu ya klabu iliyokwisha kupangwa na watengenezaji wa mchezo. Anakuja na kikosi alichokijenga mwenyewe katika sehemu iitwayo Dream Team, kadi moja baada ya nyingine (kila kadi ni mchezaji mmoja), pamoja na kocha wake, mfumo wake na mgawanyo wake wa alama za ukuzaji. Mwongozo huu unahusu maandalizi ya kikosi hicho, kuanzia siku kanuni zinapotangazwa hadi mpira unapowekwa katikati.

Jambo moja linapaswa kueleweka kabla ya kugusa kadi yoyote. Wakati mechi inaendelea, vidole vyako vinamwongoza mchezaji mmoja tu, yule mwenye mpira au yule uliyemchagua akabe, na wengine kumi wanaendeshwa na mchezo wenyewe kwa kufuata mtindo wa kocha, nafasi uliyowapa, tabia iliyoandikwa kwenye kadi zao na maagizo binafsi uliyoyaweka. Kwa hiyo, kuandaa kikosi ni kuwaandaa wachezaji usiowagusa. Wepesi wa vidole hujengwa kwa muda mrefu na hauwezi kuongezwa katika wiki ya mashindano, lakini mienendo ya hao kumi inaweza kurekebishwa jioni moja. Ndiyo maana ile namba kubwa inayoonyesha jumla ya nguvu ya kikosi, ambayo wengi huifukuzia kwa sarafu hadi usiku wa kuamkia fainali, haisaidii kwa kiasi kinachodhaniwa: hupanda kila unapoingiza kadi yenye alama kubwa, hata kama kadi hiyo inakwenda kukimbilia mahali palepale ambapo mwenzake tayari amesimama.

Soma kanuni kabla ya kupanga jina lolote

Waandaaji hawafanani. Wengine huruhusu kadi za aina zote, wengine huweka kikomo cha kadi za magwiji wa zamani, na wengine hutaka kadi za kawaida pekee ili aliyetumia fedha nyingi asimwelemee asiyetumia kitu. Uliza pia muda wa mechi, kama ni mkondo mmoja au miwili, kama sare inakwenda dakika za nyongeza au moja kwa moja kwenye penalti, na kama kikosi kinapaswa kutumwa kwa mwandaaji mapema na kisibadilishwe tena. Kila jibu lina athari yake katika upangaji. Mahali ambapo sare hupelekwa kwenye penalti mara moja, kipa mwenye ujuzi wa kuokoa penalti ana thamani kuliko kipa mwenye alama mbili zaidi asiye na ujuzi huo, na inafaa wapigaji wako watano wa kwanza wawe bado uwanjani filimbi ya mwisho inapolia. Mahali ambapo kuna dakika za nyongeza, mtu aliyemaliza nafasi zote za kubadilisha wachezaji mapema atajikuta na mabeki wa pembeni wanaotembea.

Ikiwa kanuni zinataka kadi za kawaida tu, kuna jambo la ziada la kufuatilia. Kadi hizo hubeba herufi kuanzia A hadi E, ambayo Konami huibadilisha kila wiki, siku ya Alhamisi, kulingana na jinsi mchezaji halisi alivyocheza katika ligi yake. Mwenye A ana nafasi kubwa ya kuingia uwanjani akiwa katika hali nzuri, na mwenye E huenda ukamkuta na mshale unaotazama chini dakika chache kabla ya mechi. Kikosi cha mashindano ya Jumamosi, basi, hakiwezi kukamilishwa Jumatano. Chagua wachezaji wawili wanaofanana kwa kila nafasi muhimu, kisha subiri herufi zitoke ndipo uamue nani aanze.

Kocha huja kabla ya wachezaji

Mchezo una mitindo mitano ya timu, na kila kocha amepewa namba ya umahiri kwa kila mmojawapo. Mara nyingi kocha huwa na namba kubwa katika mtindo mmoja, ya kuridhisha katika mwingine, na ndogo katika iliyobaki. Ukimlazimisha kocha atumie mtindo asioumudu, wachezaji wote wanashuka, hata wale uliowalipia. Kwa sababu hiyo mpangilio wa kazi ni huu: kwanza jitambue unachezaje, pili tafuta kocha mwenye namba kubwa katika mtindo unaolingana na uchezaji huo, tatu ndipo utafute wachezaji.

Possession Game huwasogeza wachezaji karibu na mwenye mpira ili pasi fupi zipatikane, nao unamfaa mtu mwenye subira ambaye haoni aibu kurudisha mpira nyuma. Quick Counter huipandisha timu na kuitaka ikabe juu, na mara mpira unaponyang'anywa washambuliaji huanza kukimbia mbele bila kusubiri. Kasoro yake ni kwamba mgongo wa mabeki hubaki wazi. Long Ball Counter ni kinyume chake katika ulinzi, kwa maana kikosi kizima hurudi na kujipanga chini, kisha hutoka kwa kasi mpinzani anapokosea. Mashabiki wa soka husema huko ni kupaki basi, na wanaosema hivyo kwa dharau aghalabu ndio wanaofungwa nao. Out Wide hupeleka mashambulizi pembeni na kuhitaji mtu wa kupokea krosi. Long Ball hurusha mipira mirefu mbele kwa mshambuliaji mwenye nguvu, na binafsi siupendekezi kwa mashindano, kwa kuwa mpinzani aliyezoea huuzima kwa kuwa na beki mmoja mrefu tu.

Namna ya kujitambua ni rahisi: tazama marudio ya mabao yako mwenyewe. Ikiwa mengi yanatokana na mpira ulionyang'anywa katikati ya uwanja na kufika golini kwa pasi mbili au tatu, wewe ni mtu wa kaunta, yaani mashambulizi ya kushtukiza, hata kama moyo wako unapenda soka la pasi nyingi. Mashindano si mahali pa kujifunza mtindo mpya. Mchezaji anayemiliki mpira kwa kulazimishwa na kocha aliyempata kwa bahati hupoteza mipira katika eneo lake mwenyewe, na huko ndiko mabao rahisi yanakotoka.

Mfumo, na tabia zilizoandikwa kwenye kadi

Kila kadi ina tabia ya uchezaji, na tabia hiyo hufanya kazi katika nafasi maalumu tu. Mshambuliaji mviziaji, ambaye kwenye skrini ameandikwa Goal Poacher, hukaa begani mwa beki wa mwisho akisubiri pasi ya kupenyeza, lakini ukimhamishia winga, maandishi ya tabia yake yanafifia na anabaki mkimbiaji wa kawaida. Kiungo aitwaye Anchor Man hubaki mbele ya mabeki timu inaposhambulia. Destroyer huacha nafasi yake na kumfuata mwenye mpira ili ampokonye, ilhali beki wa Build Up hubaki nyuma kidogo na kuwa kituo cha kuanzisha pasi. Kabla ya kuvutiwa na namba ya kadi, fungua ukurasa wake na uhakikishe kwamba tabia hiyo inawaka katika nafasi unayotaka kumpanga, na kwamba nafasi yenyewe imekolea rangi ya kijani kwenye ramani yake ya uwanja.

Tuchukue mfano wa mfumo wa 4-2-1-3 wenye kaunta ya haraka, ambao ni mmoja wa mifumo inayotumika sana. Mtu anaweza kuwa na mshambuliaji mviziaji katikati, nyuma yake akaweka kiungo wa aina ya Hole Player ambaye kazi yake ni kuchomoka kuingia eneo la hatari, na pembeni kushoto akaweka winga wa Roaming Flank ambaye hukata kuingia ndani. Kwenye karatasi huu ni ushambuliaji wa kutisha. Uwanjani, mpira unapofika kwa kiungo wa katikati, watu watatu wanakimbilia upana uleule wa mita chache, mabeki wawili wa mpinzani wanatosha kuwafunika wote, na mwenye mpira hana wa kumpasia pembeni. Dawa yake haihitaji kadi mpya. Badilisha winga huyo kwa yule anayekaa kwenye chaki ya pembeni, ambaye tabia yake ni Prolific Winger, au mwache akate ndani lakini umpange beki wa kushoto mwenye tabia ya kupanda ili njia ya pembeni isibaki tupu. Ukichagua hilo la pili, beki wa kulia lazima awe wa kubaki nyuma, na mmoja wa viungo wawili wa chini lazima awe Anchor Man, vinginevyo kaunta ya mpinzani itawakuta mabeki wa kati wawili peke yao.

Kwa mabeki wa kati, kanuni yangu ni moja tu: usiwapange Destroyer wawili pamoja. Mmoja anapotoka kwenda kupokonya, mwingine hutoka naye mpira unapohama, na mpinzani mwenye mshambuliaji mviziaji anafunga bao lilelile mara mbili ndani ya kipindi kimoja.

Maagizo binafsi ndiyo sehemu ambayo wengi huiruka. Idadi yake ni ndogo, kwa hiyo yatumie pale ambapo tabia ya kadi inakwenda kinyume na mahitaji ya mfumo wako. Beki wa pembeni mzuri lakini anayependa kupanda anaweza kuagizwa abaki. Kiungo mkabaji anaweza kupewa Deep Line, naye hushuka hadi kwenye mstari wa mabeki mpira unapopotea, jambo linalosaidia sana dhidi ya mpinzani anayechezesha washambuliaji wawili. Mshambuliaji anaweza kupewa Counter Target ili asirudi kukaba na awe tayari mbele. Lakini kumbuka kwamba kila anayepewa agizo hilo ni mkabaji mmoja aliyepungua, na kwa winga ambaye beki wake wa nyuma anapanda, agizo hilo ni hatari.

Alama za ukuzaji: hapa ndipo hesabu inapohitajika

Kila kadi inayoweza kukuzwa hupata alama 2 kwa kila daraja inalopanda. Kadi yenye kikomo cha daraja la 32, kwa mfano, hupata alama 62. Alama hizo hugawanywa katika mafungu kama mashuti, pasi, kuchezea mpira, wepesi, nguvu za miguu, mipira ya juu na ulinzi, na kipa ana mafungu yake matatu. Gharama hupanda kila baada ya hatua nne: hatua nne za kwanza za fungu hugharimu alama 1 kila moja, nne zinazofuata alama 2 kila moja, nne za baadaye alama 3, na kuendelea. Kulifikisha fungu kwenye hatua ya 8, basi, ni alama 12. Kwenye hatua ya 12 ni alama 24. Na kwenye hatua ya 16 ni alama 40.

Tazama maana yake. Hatua ya 13 ya fungu moja hugharimu alama 4 na kuongeza nukta moja moja tu katika sifa za fungu hilo. Alama hizohizo 4 zikiwekwa katika fungu ambalo halijaguswa hununua hatua nne nzima. Anayejaza fungu moja hadi juu kabisa hupata namba inayopendeza katika sifa chache na mchezaji mwenye mapengo kwingine kote.

Kitufe cha kugawa alama moja kwa moja kipo, na kwa mchezaji wa benchi asiyetumika sana hakina madhara. Kwa kikosi cha kwanza usikitumie, kwa sababu hakijui kwamba mshambuliaji wako hapigi vichwa au kwamba kiungo wako hapigi mashuti ya mbali. Zaidi ya hayo, mafungu yamepangwa kwa namna ambayo huwachanganya hata wazoefu: sifa ya kuchomoka, yaani kasi ya hatua za kwanza, imo katika fungu la wepesi pamoja na mizani ya mwili na hisia za kushambulia, wakati mbio ndefu imo katika fungu la nguvu za miguu pamoja na uzito wa shuti na pumzi. Anayetaka mchezaji mwenye kasi ya kweli hulazimika kupandisha mafungu yote mawili kwa pamoja. Ukipandisha nguvu za miguu peke yake unapata mtu anayekimbia sana baada ya mita ishirini, lakini kwenye eneo la hatari mita ishirini hazipo.

Mshambuliaji mviziaji mwenye alama 62 ninamgawia hivi: mashuti hatua 8 kwa alama 12, wepesi hatua 10 kwa alama 18, nguvu za miguu hatua 10 kwa alama 18, kuchezea mpira hatua 6 kwa alama 8, mipira ya juu hatua 4 kwa alama 4, na alama 2 zinazobaki zinakwenda kwenye pasi. Watu hushangaa kwa nini mashuti hayako juu kuliko yote. Sababu ni kwamba kadi ya mshambuliaji mzuri huja na umaliziaji mkubwa tangu mwanzo, na kinachomzuia asifunge si shuti bali ni nusu hatua aliyokosa kumtangulia beki. Mgawanyo huu si sheria. Kadi ambayo kasi yake ya asili tayari ni kubwa inaweza kupunguziwa huko na kuongezewa mwili, ili isisukumwe kama karatasi kila inapopokea mpira ikiwa imeipa goli mgongo.

Kwa beki wa kati, usiishie kwenye fungu la ulinzi. Mpe wepesi na nguvu za miguu za kutosha ili aweze kugeuka na kukimbizana, ingawa ni kweli kwamba sehemu ya alama hizo itapotea kwenye hisia za kushambulia ambazo hazihitaji. Ongeza pia hatua chache za pasi, hasa ukiwa na kocha wa kumiliki mpira, kwa kuwa shambulio lako linaanzia mguuni pake.

Ujuzi wa ziada, ambao kadi moja inaweza kuongezewa hadi mitano, uende kwa wanaocheza kila mechi. Kwa mabeki na viungo wakabaji anza na kunasa pasi na kuzuia mashuti, kwa viungo wabunifu anza na pasi za mguso mmoja na pasi za kupenyeza, na kwa mshambuliaji tafuta shuti la mguso wa kwanza. Mbwembwe za kupiga chenga huvutia, lakini hazitumiki na wachezaji wale kumi ambao huwaongozi, wakati ujuzi wa kunasa pasi unatumika hata ukiwa umeangalia upande mwingine wa uwanja.

Benchi na mambo madogo

Benchi lina nafasi 12, na kosa lililoenea ni kulijaza washambuliaji. Hali ya mchezaji huonekana kwa mshale kabla ya mechi, na mshale wa chini kwa beki wa kati pekee unayemwamini huharibu mpango mzima. Kila safu iwe na mbadala mwenye tabia ileile, si mwenye jina kubwa kuliko aliyepo. Weka angalau mmoja mwenye ujuzi wa Super-sub, ambao humpa nguvu ya ziada anapoingia kipindi cha pili, na mpe kitambaa mwenye ujuzi wa unahodha kwa kuwa hupunguza athari za uchovu kwa wenzake. Panga wapigaji wa kona, faulo na penalti kwa mkono wako mwenyewe. Jezi chagua yenye rangi inayoonekana vizuri juu ya nyasi na tofauti na ile ya mpinzani wako. Kwenye skrini ya inchi sita hilo si suala la urembo.

Majaribio

Sehemu ya mechi za kirafiki, ambayo ndiyo itakayotumika siku yenyewe, haigusi nafasi yako kwenye ngazi za mchezo, kwa hiyo ndiyo mahali sahihi pa kujaribia. Mtafute rafiki anayecheza tofauti na wewe, fungueni chumba chenye muda na masharti yaleyale ya mashindano, na baada ya kila mechi badilisha kitu kimoja tu. Anayebadilisha kocha, mfumo na winga kwa mara moja hawezi kujua ni kipi kilicholeta nafuu.

Unapotazama marudio ya bao ulilofungwa, usimtazame aliyepokonywa mpira, maana huyo ulikuwa unamwongoza wewe. Rudisha nyuma na uwatazame wengine. Beki wa kushoto alikuwa wapi? Kiungo mkabaji alikuwa anarudi au amesimama? Ikiwa mabao mawili yanapita katika pengo lilelile kati ya beki wa kulia na beki wa kati, hilo ni suala la tabia au maagizo, na linarekebishwa kwenye ukurasa wa mpango wa mchezo. Ikiwa kila bao lina sababu yake, basi ni vidole, na hakuna kadi itakayolitibu hilo. Walioanzia kwenye vibanda vya PS, enzi za pedi mbili na foleni ndefu ya wanaosubiri aliyefungwa aachie nafasi, walizoea kumlaumu mchezaji aliye mkononi kwa sababu hapakuwa na muda wa kutazama kingine.

Siku mbili au tatu kabla ya mashindano, funga kikosi, ukiacha tu uamuzi wa nani aanze. Kadi mpya utakayoipata kwa bahati katika usiku huo iache ikae. Haijakuzwa, hujui inakimbilia wapi, na vidole vyako havijazoea uzito wake.

Simu na mtandao

Mechi za eFootball huunganisha vifaa vya wachezaji wawili moja kwa moja, kwa hiyo ubora wa mechi unategemea laini mbili, si yako peke yako. Mtu wa Dar es Salaam mwenye mtandao mzuri akikutana na ndugu yake wa Muscat aliyeko kwenye Wi-Fi ya jengo zima, wote wawili wataona wachezaji wakiteleza. Ombeni dakika chache za majaribio kabla ya mechi rasmi, na kama mwandaaji anaruhusu, kubalianeni saa ambayo mitandao haijaelemewa.

Amua mapema utatumia Wi-Fi au bando la simu, na usibadilishe katikati, kwa sababu kuhama kutoka kimoja kwenda kingine hukata muunganisho. Umeme ukikatika kila mara mtaani kwenu, ruta isiyo na betri si ya kuaminiwa. Bando lenye salio la kutosha ni salama zaidi. Zima arifa na uzuie simu zisiingie, kwani kwenye simu nyingi simu inayoingia hushusha mtandao au huukata kabisa kwa sekunde ambazo mpinzani anazihitaji. Ondoa hali ya kubana betri, ambayo hupunguza kasi ya mchezo. Chaji simu ijae kabla ya mechi badala ya kucheza ikiwa kwenye chaja, maana simu iliyopata moto hupunguza nguvu zake yenyewe. Na kama mashindano yanaanza Alhamisi au Ijumaa, fungua mchezo saa kadhaa mapema upakue data mpya, usije ukawa unatazama asilimia zikipanda huku mwandaaji akihesabu dakika za kukupokonya ushindi.

Saa ya mechi

Ingia chumbani kabla ya muda. Hakikisha kwamba muda wa mechi, dakika za nyongeza na penalti vimewekwa kama kanuni zinavyosema, kwa kuwa anayefungua chumba ndiye anayeviweka na anaweza kusahau. Fungua mpango wa mchezo, tazama mishale ya hali, mtoe mwenye mshale wa chini bila kumhurumia, na uangalie mfumo wa mpinzani: akiwa na washambuliaji wawili, huu ndio wakati wa kumpa kiungo wako agizo la kushuka.

Uwe pia na mpango wa pili uliohifadhiwa, wa dakika za mwisho. Ukiwa unaongoza, mpango huo umtoe kiungo mshambuliaji na kumwingiza mkabaji, bila kubadilisha mtindo wa kocha, ili wachezaji waendelee na mienendo waliyoizoea. Ukiwa nyuma, ongeza mtu mmoja mbele, si watatu.

Muunganisho ukikatika, piga picha ya skrini papo hapo ikiwa bado inaonyesha dakika na matokeo, umwandikie mwandaaji kabla ya mpinzani hajaandika lake. Mechi ikiisha salama, piga picha ya ukurasa wa matokeo wenye majina ya timu zote mbili kabla ya kubonyeza kutoka, kisha itume kwenye kundi.